Sinema Bubu na Ulimi wa Mkalimani

Sinema ilizaliwa bubu. Kwa muda wa miaka zaidi ya 30 tangu ilipoanza kuonyeshwa hadharani mwaka 1895, picha zilikimbia juu ya pazia bila kutoa neno. Farasi walipiga mbio pasipo kishindo, bunduki zilitoa moshi pasipo mlio, na wapenzi waliagana kwa kuchezesha midomo tu. Huko Ulaya na Marekani mpiga kinanda aliketi kando ya pazia akijaza kimya hicho kwa muziki, na maneno machache yaliandikwa katika vibao vilivyojitokeza katikati ya picha. Afrika Mashariki, ambako watazamaji wengi hawakujua Kiingereza na wengi zaidi hawakujua kusoma, alihitajika mtu wa kusimama mbele ya watu na kueleza kwa kinywa chake yale yaliyokuwa yakitendeka.

Mtu huyo hajatoweka. Picha zimepata sauti, zimepata rangi, zimeingia hata katika simu za mkononi, lakini yeye angali akisema katika vibanda vya video vya Uganda, kutoka Kampala hadi Mbarara, na kutoka Mbarara hadi kandokando ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Wapo wazazi wanaomheshimu na wapo wanaomwona kuwa mpiga domo asiye na kazi. Ni vema suala hili litazamwe kwa utulivu, kwani linagusa nyumba nyingi, na hasa nyumba za askari, ambamo Kiswahili ni lugha ya kazi ya baba na mara nyingi huwa ndiyo lugha ya michezo ya watoto.

Achukuliwe kwa mfano mzee mmoja wa Ngarama, katika Wilaya ya Isingiro, sajini mstaafu wa polisi. Mzee huyo analima ndizi, anafuga ng'ombe wachache wa pembe ndefu, na kila jumapili hupiga pasi shati lake kama mtu anayekwenda gwaride. Mjukuu wake anasomea ualimu. Wakati wa likizo kijana huyo hupata fedha kidogo kwa kukalimani picha katika kibanda kimoja cha video, ambacho wateja wake wengi ni Wakongo na Warundi wa Nakivale wasiojua Kiingereza wala Kiganda. Siku mzee alipopata habari hiyo, hakula chakula cha jioni.

"Mjukuu wangu," alisema, "nimevaa sare miaka 30. Nyumba hii haijapata kutoa mpiga domo wa kibandani."

"Babu, si domo," kijana alijibu kwa adabu, akiwa amesimama. "Watu wale hawajui lugha ya picha. Nisiposema, wanaona farasi tu."

"Zamani zetu waliosema mbele ya picha walikuwa watumishi wa serikali. Walivaa kaptula safi. Walijua wanalolisema."

Bibi, aliyekuwa akimenya matoke pembeni, aliona kwamba maneno yale yangeweza kuivunja likizo yote. Akatoa shauri: picha iletwe nyumbani, ionyeshwe uani mbele ya majirani, na mzee ajionee mwenyewe. Tena iwe picha bubu, kama zile za zamani anazozisifu. Mzee alikubali kwa sharti moja, kwamba mkalimani wa usiku huo awe yeye.

Kabla ya kuufikia usiku huo, yafaa ieleweke kwamba mzee hakuwa akijitungia habari. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwako Vugiri, katika milima ya Usambara huko Tanganyika, mradi wa kutengeneza sinema za mafunzo kwa Waafrika. Uliendeshwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham, kwa msaada mkubwa wa fedha kutoka shirika la Carnegie la Marekani. Mradi huo ulitengeneza picha 35 zilizohusu kilimo, afya, kodi, uwekaji wa akiba na mambo kama hayo. Picha zenyewe zilikuwa bubu, na maelezo yake yalirekodiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo. Lori lenye mitambo lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likionyesha picha hizo usiku katika viwanja vya wazi.

Baadaye, mwaka 1939, serikali ya Uingereza ilianzisha mjini London idara ya sinema kwa ajili ya makoloni, hasa kwa sababu ya vita vilivyokuwa vimezuka. Nyingi kati ya picha zake zilikuwa bubu kwa makusudi. Zilisafirishwa pamoja na maelezo yaliyoandikwa, na katika kila nchi mkalimani wa pale aliyasema kwa lugha ya wasikilizaji kupitia kipaza sauti cha gari la sinema. Magari hayo yaliendelea kuzunguka vijijini hata baada ya idara ile kufungwa mwaka 1955. Pamoja na somo la choo na la pamba, mara nyingi palionyeshwa kichekesho cha Charlie Chaplin ili watu wasiondoke mapema.

Lakini picha iliyopendwa kuliko zote na vijana wa Afrika ilikuwa ya kauboi. Asili ya picha hizo ni ya zamani sana. Mwaka 1903 kampuni ya Edison ya Marekani ilitoa picha iitwayo The Great Train Robbery, yaani wizi mkubwa wa garimoshi, iliyoongozwa na Edwin S. Porter. Ilichukua dakika 12 hivi tu. Ingawa ilihusu nyika za magharibi, ilipigwa upande wa mashariki, katika jimbo la New Jersey na jirani zake. Ndani yake jambazi mmoja anaelekeza bastola moja kwa moja kwa watazamaji na kufyatua. Hapana sauti, lakini watu walishtuka.

Tangu hapo kauboi alitembea dunia nzima. Katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, miaka ya 1940 na 1950, wachimbaji walimwita kila kauboi kwa jina moja, Jack, wakamshangilia kwa kelele hata maneno ya picha yasisikike. Mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, vijana wa miaka ya 1950 walivaa mavazi ya kikauboi na kujiita Bill, kwa jina la Buffalo Bill. Wakazi wa Nakivale waliotoka Kongo wanaweza kuwa na wajomba na babu waliowahi kuona au kusikia habari za vijana hao. Kwa hiyo, mtu akidhani kwamba kauboi ni mgeni aliyeingia Ngarama kwa simu za Kichina, amekosea.

Jioni iliyopangwa ilipofika, televisheni ya kibanda ililetwa kwa bodaboda ikiwa imefunikwa blanketi, pamoja na betri ya sola na kipaza sauti. Majirani walikusanyika mapema. Alikuwako askari wa jeshi aliyekuwa likizo kutoka kambi ya Makenke, Mbarara, pamoja na mkewe na watoto. Alikuwako mama mmoja kutoka Kivu, anayeishi Nakivale na anayenunua maziwa kwa mzee kila asubuhi, naye alikuja na binti yake wa miaka 10. Watoto wengine walikaa juu ya majani ya migomba.

Picha iliyochaguliwa na kijana ilikuwa Tumbleweeds ya mwaka 1925, iliyoongozwa na King Baggot. Jina lake ni la magugu makavu ambayo upepo huyang'oa na kuyabingirisha nyikani, nayo hayana mahali pa kukaa. Mchezaji wake mkuu ni William S. Hart, aliyezaliwa mwaka 1864 na aliyekuwa nyota wa picha za kauboi enzi za ububu. Hiyo ndiyo picha yake ya mwisho. Hadithi yake imejengwa juu ya tukio la kweli: kufunguliwa kwa ardhi iliyoitwa Cherokee Strip, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma, mwezi wa Septemba mwaka 1893.

Picha ilipoanza, watoto walipiga kelele: "Sauti imekufa! Sauti imekufa!"

"Haijafa," mzee alijibu, akisimama kwa kukaza magoti kama askari. "Haikupata kuzaliwa. Nyamazeni, nami nitasema."

Hapana anayeweza kukana kwamba alisema vizuri. Kundi kubwa la ng'ombe lilipojaza kioo cha televisheni, aliwahesabia watu pembe zake, akasema kwamba hata kwa Wazungu wako watu wanaowajua ng'ombe wao mmoja mmoja. Kauboi alipotazamana na msichana aliyempenda, mzee aliinua sauti yake nyembamba ya kike hadi bibi akajifunika uso kwa kanga. Alieleza kwamba malisho yale yalikuwa yafungwe, ng'ombe waondolewe, na ardhi ikatwe vipande kwa ajili ya wakulima. Kila aliyetaka kipande alipaswa kungoja kwenye mstari hadi saa sita mchana, mlio wa silaha usikike, ndipo wote wakimbie. Atakayesimika kigingi chake kwanza, ndiye mwenye shamba.

"Na wale wenye bunduki waliosimama kwenye mstari?" aliuliza askari wa Makenke.

"Ni jeshi," mzee alijibu. "Wanazuia watu wasivuke kabla ya saa. Anayevuka mapema hukamatwa."

Kauboi alikamatwa kwa kushukiwa kuwa amevuka kabla ya wakati, akatoroka, akapanda farasi. Mamia ya magari ya kukokotwa yaliondoka kwa pamoja, mengine yakipinduka, vumbi likifunika kila kitu. Hapo mzee alisahau umri wake. Alikimbia papo hapo alipo, akapiga mapaja yake kwa viganja ili kwato zisikike. Watoto walisimama. Mtu na farasi wake waliyapita magari yote, nao uani wakashangilia kana kwamba ni mwana wa Isingiro anayeshinda.

Katikati ya shangwe ile, binti wa mama wa Kivu aliinua mkono kama mtoto aliyeko darasani.

"Babu, kabla bunduki haijalia, shamba lile lilikuwa la nani?"

"Lilikuwa la serikali, mwanangu."

"Na kabla ya serikali?"

Mzee alikitazama kioo. Farasi alikuwa bado akikimbia. Hapakuwa na kibao cha maandishi cha kumsaidia, wala uso wowote wa kumjibu mtoto. Mzee alijikohoza, akashusha kipaza sauti. Ndipo kijana, aliyekuwa ameketi nyuma karibu na betri, akasema taratibu:

"Lilikuwa la Wacherokee, Babu."

Aliombwa aeleze, akaeleza. Wacherokee ni taifa mojawapo la wenyeji wa asili wa Marekani, wale ambao picha za kauboi zilizoea kuwaita Wahindi Wekundu. Kwao kulikuwa upande wa mashariki, katika nchi ya Georgia na majirani zake, ambako walikuwa na mashamba, nyumba, na hata gazeti la lugha yao lililoanza mwaka 1828. Mwaka 1838 jeshi liliwatoa majumbani mwao kwa nguvu. Waliandamana kuelekea magharibi, wengi wao kwa miguu, hadi mwaka 1839, na inakadiriwa kwamba watu 4,000 hivi walikufa kwa baridi, njaa na maradhi. Huko walikopelekwa waliahidiwa kwamba ardhi itakuwa yao daima. Ukanda ule wa malisho ulikuwa sehemu ya ahadi hiyo. Wenye ng'ombe waliukodi kwao. Kisha serikali ikapiga marufuku malisho ya kukodi, ikawashurutisha Wacherokee kuuza, na tarehe 16 Septemba 1893 zaidi ya watu 100,000 wakaukimbilia. Ulikuwa na ukubwa wa zaidi ya ekari milioni 6, nao uligawanywa kwa vipande vya ekari 160.

Uani palikuwa kimya. Mama wa Kivu ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe nao walitembea," alisema.

Msomaji anayeijua Ngarama atafahamu uzito wa maneno hayo mahali pale. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, yakiwa na Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Baada yao wamekuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mkimbizi hugawiwa kipande cha ardhi, naye jirani yake mwenyeji ana ng'ombe wanaotafuta majani na maji ya Ziwa Nakivale. Suala la nani alitangulia, nani amepewa na nani amenyimwa si la sinema huko. Ni la kila msimu wa mvua, na mara nyingi mtu wa kwanza kuitwa kusimama katikati ni askari.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" mzee alimwuliza mjukuu wake.

"Babu, kipaza sauti ulikuwa nacho wewe."

Watu walicheka, na mzee mwenyewe akacheka. Halafu akanyamaza kwa muda. Alipoanza kusema tena, hakuwa akikalimani picha. Alieleza kwamba katika miaka yake ya kazi aliwahi kusimama kwenye mstari kama ule, kati ya wafugaji na wakulima waliogombea malisho. Alionyeshwa mahali pa kusimama, lakini hakuelezwa habari ya mahali penyewe. Alisimama siku tatu. Siku ya tatu kikongwe mmoja alimletea maji ya kunywa, akamsimulia nani alizikwa wapi katika uwanja ule. "Siku hiyo," alisema mzee, "ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nikilinda kitu nisichokijua."

Askari wa Makenke aliitikia kwa kichwa. "Amri ni amri, Afande," alisema. "Lakini mtu akijua habari, husimama kwa namna nyingine. Huwa hamsukumi mama wa watu."

Mzee akampa mjukuu kipaza sauti na kumwamuru airudishe picha hadi kwenye mstari. Kijana alisema upya sehemu ile. Kauboi alibaki shujaa wake, mbio zilibaki mbio, na watoto walishangilia tena. Ila kabla ya mlio wa silaha alisema maneno machache tu: kwamba ardhi ile tupu haikuwa tupu, na kwamba waliotolewa mara ya kwanza wametolewa mara ya pili. Kisha akawaacha farasi wakimbie. Hakuhubiri, wala hakuiharibu hadithi. Binti wa mama wa Kivu alikaa akitazama, mikono yake ikiwa imeshika magoti.

Hapo ndipo ilipodhihirika kazi ya mkalimani ni kitu gani. Picha bubu hukubali kila neno inalowekewa mdomoni. Mtu mwovu aweza kumfanya mwizi kuwa shujaa, na mvivu aweza kurukia asilolijua na kulijaza kelele. Wakoloni waliufahamu uwezo huo, na ndiyo maana walimpa mkalimani maelezo yaliyokwisha kuandikwa, asije akatia yake. Hata picha za leo zenye sauti huwa bubu kwa mtu asiyejua lugha yake. Wakalimani mashuhuri, kama VJ Jingo wa Uganda na marehemu Lufufu wa Tanzania, walipendwa kwa sababu waliifanya hadithi ya mbali ikae mahali panapojulikana na msikilizaji. Kipaji hicho si cha kudharauliwa. Lakini kipaji pasipo kusoma ni kama farasi pasipo hatamu.

Kesho yake asubuhi, baada ya kukama ng'ombe, mzee alitoa uamuzi wake. Kijana ataendelea na kibanda wakati wa likizo, kwa masharti manne. La kwanza, masomo ya ualimu yatangulie, na kibanda kisimlaze chuo hata siku moja. La pili, asikalimani picha ambayo hajaitazama mwenyewe hadi mwisho na kusoma habari zake. La tatu, watoto watoke kabla ya picha za usiku. La nne, fedha atakazopata, sehemu yake anunue madaftari ya wadogo zake. Kijana alikubali yote manne, ingawa la tatu, alisema, litamtia matatani na mwenye kibanda. "Mlete kwangu," mzee alimjibu.

Wazazi wanaoishi katika kambi na vituo vya polisi wanaweza kulichukua jambo hili kwa manufaa yao. Si lazima picha ipigwe marufuku, maana kijana aliyekatazwa nyumbani huitazama kwingine, tena bila mtu wa kumweleza. Afadhali mzazi akae naye, na picha ikiisha amwulize maswali matatu: Ni nani aliyetuonyesha habari hii? Ni nani aliyekuwapo lakini hakuonyeshwa? Na wewe ungekuwa umesimama pale, ungefanya nini? Mtoto atakayezoea maswali hayo akiwa mdogo hatadanganywa kwa urahisi atakapovaa sare, au atakapokabiliana na anayeivaa.

Mama wa Kivu alirudi asubuhi ileile kuchukua maziwa, kama desturi yake. Binti alikuwa pamoja naye. Alimwamkia mzee, kisha akauliza kama picha itaonyeshwa tena jumamosi. Mzee alijibu kwamba itaonyeshwa, ila mkalimani ni mwingine. Yeye sasa ataketi mbele pamoja na watoto, ili naye apate kuuliza.